Kafa Ulaya

Siku tatu kabla sijapanda ndege, mama alishusha kopo la maziwa ya unga kutoka juu ya kabati akaniwekea mapajani. Kopo hilo lilikuwa pale tangu nikiwa darasa la tatu, na nyumbani kwetu kila mtu alijua kwamba haliguswi. Ndani yake mlikuwa na vitu alivyovikuta mifukoni mwa nguo katika miaka zaidi ya ishirini ya kuuza mitumba Karume: tiketi za basi, ufunguo mdogo, rozari, kadi ya miadi ya daktari wa meno, risiti zilizofutika wino, senti za Marekani, euro mbili tatu. Paundi za Uingereza alikuwa amezitenga kwenye kitambaa. Zilikuwa sarafu kumi na tisa za paundi moja moja, nene, za duara, zenye rangi ya dhahabu iliyochoka.

"Nenda nazo," alisema. "Hapa hazina mtu. Maduka ya fedha wanachukua noti tu, ukiwapelekea sarafu wanakucheka. Huko ni kwao. Zitakununulia mkate wa wiki ya kwanza."

Ilikuwa Septemba 2022 na nilikuwa naenda Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kusoma shahada ya uzamili kwa ufadhili. Ili nifike huko nilipimwa kifua kikuu, nikafanya mtihani wa Kiingereza ingawa nimefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, nikachukuliwa alama za vidole vyote kumi, nikaonyesha barua ya kila senti itakayonilisha. Mama, aliyekuwa akinisindikiza kwenye foleni hizo akiwa na chupa ya maji na kitenge cha kukalia, aliuliza swali moja tu. Kwa nini nguo zao zinakuja bila kuulizwa kitu?

Wiki ya kwanza Leeds nilienda dukani kununua mkate na maziwa. Nilimhesabia mhudumu sarafu tatu za mama. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alizigeuza geuza kiganjani kama mtu aliyekutana na picha ya zamani, akanirudishia. Hazitumiki tena, aliniambia. Zimeondolewa siku nyingi.

Nilikuja kusoma baadaye. Machi 2017 Uingereza ilitoa sarafu mpya ya paundi yenye pembe kumi na mbili, na tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo ile ya duara ikaacha kuwa pesa halali. Miaka mitano kabla sijafika, pesa za mama zilikuwa zimeshakufa juu ya kabati, Tabata, bila mtu kumpa taarifa.

Nilimpigia jioni ile. Nilidhani atasikitika. Alicheka mpaka akakohoa.

"Yaani hata hela zao zinatufikia zikiwa maiti!"

*

Wazee wetu waliziita nguo hizi kafa Ulaya. Waliamini, au walitania kwamba wanaamini, kuwa mtu mwenye akili hawezi kugawa koti zima lenye vifungo vyote; lazima mwenyewe amefariki huko na ndugu wamekusanya vya marehemu wakavifunga. Waghana nao wana neno lao lenye maana hiyohiyo, obroni wawu, mzungu amekufa. Wazambia walichagua kuangalia upande wa mnunuzi, wakaziita salaula, yaani kuchakura rundo na kuchagua. Napenda kwamba watu waliokaa mbali hivyo, bila kuulizana, walifikia wazo lilelile la msiba. Ukweli ni wa kawaida zaidi na unatia uchungu zaidi. Hakufa mtu. Amechoka nayo tu, amenunua nyingine.

Baba yangu hakutania kuhusu jambo hili. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo cha serikali, aliingia 1979 akiwa kijana aliyetoka Maswa, na mpaka anaondoka alikuwa anaweza kushika kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada akakwambia kimefumwa vizuri au kimepunjwa nyuzi. Kwao Maswa babu alilima pamba. Najua inaonekana kama nimeipanga hadithi hii, babu pamba, baba kiwanda, mama mitumba, lakini ukichukua familia yoyote ya Kisukuma iliyohamia Dar miaka ile utakuta kitu kama hicho. Pamba ndiyo iliyotusomesha, ndiyo iliyotuleta mjini.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru nchi ilikuwa imeamua kwamba pamba yake itafumwa hapahapa. Urafiki ulijengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China ukafunguliwa 1968, Mwanza kukawa na Mwatex, Musoma Mutex. Baba alizitaja hizo kama wengine wanavyotaja timu za mpira. Halafu ikaja ile miaka ambayo wazazi wetu wote wanaisimulia kwa sauti moja: vita vya Kagera, mafuta kupanda bei, fedha za kigeni kukauka, sabuni kwa foleni, khanga kwa foleni. Mashine ikiharibika kipuri kinatakiwa kutoka nje, na hakuna dola ya kukinunulia. Baba alisema kuna wakati walikuwa wanaingia zamu, wanafagia, wanakaa chini ya mashine zilizozimwa wanapiga soga mpaka kengele inalia.

Mwaka 1984 serikali ikaanza kuwaruhusu watu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje. Mwaka 1986 tukasaini na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mzee Mwinyi akaitwa Mzee Ruksa, na mitumba ikawa ruksa. Baba alipunguzwa kazini 1996, mimi nikiwa na mwaka mmoja. Alipewa barua na ahadi ya mafao, akasubiri mafao, akawa mlinzi wa usiku kwenye ghala la mtu huku akiendelea kusubiri.

Mwaka uliofuata mama alikopa kwa kaka yake akanunua belo lake la kwanza.

Baba hakumkataza. Ila yeye mwenyewe alikataa kuzivaa. Alikuwa na mashati matatu ya kiwandani, kaki mbili na jeupe moja, akayavaa mpaka kola zikawa nyuzi, mama akazigeuza kola, akaendelea kuyavaa. "Mimi sivai marehemu," alikuwa anasema. Sisi watoto tulivaa marehemu shuleni, kanisani na sikukuu. Mwaka 2011 tulipomzika alikuwa na suti ya kijivu ambayo mama aliichagua mwenyewe kutoka belo la daraja la kwanza, akaipiga pasi usiku kucha.

*

Machi 2016 nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Arusha wakaamua kwamba nguo na viatu vilivyotumika vitaondolewa sokoni hatua kwa hatua, ndani ya miaka mitatu hivi, ili viwanda vyetu vipumue. Nilishangilia kama mtu aliyelipwa deni. Nilikuwa na makala ya Garth Frazer, mchumi aliyeandika mwaka 2008 kwamba uingizaji wa nguo zilizotumika unaeleza karibu asilimia 40 ya kuanguka kwa uzalishaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000, na karibu asilimia 50 ya kupotea kwa ajira. Niliichapisha, nikapigia mistari, nikaenda nayo nyumbani mwishoni mwa wiki. Nikamsomea mama mezani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anatoa vifungo kwenye mashati yaliyoharibika ili avishone kwenye mazima.

"Na hiyo nusu nyingine ya ajira aliiua nani?"

Nikasema usimamizi mbovu, vipuri, umeme.

"Basi baba yako aliuliwa na wengi. Na wakizuia belo kesho, ada yako atalipa nani? Hotuba?"

Nilikasirika. Nilimwambia anafikiria tumbo lake tu. Nalikumbuka sentensi hiyo neno kwa neno kwa sababu hakujibu, aliendelea kukata nyuzi, na Jumatatu alinipa nauli na pesa ya matumizi kama kawaida, zimekunjwa kwenye kikaratasi, noti za elfu mbili mbili na elfu moja zinazonuka ile harufu ya mitumba ambayo kila aliyelelewa nayo anaijua na hawezi kuieleza.

Kilichotokea baadaye hakikumpa ushindi yeye wala mimi. Mapema 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika huko Marekani kililalamika kwa serikali yao kwamba uamuzi wa Arusha utahatarisha ajira kama 40,000 za Wamarekani. Ajira 40,000, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 300, za kuchambua na kufunga vitu ambavyo wenyewe wamevitupa. Serikali ya Marekani ikatangaza kupitia upya nafasi yetu katika AGOA, ile sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda tukarudi nyuma 2018. Rwanda pekee ikashikilia ushuru wake, dola mbili na nusu kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo.

Ninachokumbuka ni kwamba siku hizo hakuna aliyemuuliza mama, wala wale wenzake baba waliokuwa bado wanaishi. Marais wetu walikaa Arusha wakaamua jambo kuhusu nguo zinazoingia kwetu, na jambo likafutwa na barua kutoka ofisi iliyo Washington. Unaweza kuipinga katazo la mitumba, mimi leo nina mashaka nalo mengi, lakini huwezi kusema lilishindwa kwa hoja. Lilishindwa kwa sababu mmoja kati ya wanaojadiliana ana mlango na mwingine anagonga.

Pamba ya babu nayo ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 2003 nchi nne za Afrika Magharibi, Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zililalamika kwenye Shirika la Biashara Duniani kwamba ruzuku wanazopewa wakulima wa pamba wa nchi tajiri zinashusha bei na kuwaua wakulima wao. Brazil ilifungua kesi yake dhidi ya Marekani kuhusu pamba hiyohiyo, ikashinda, na mwaka 2014 kesi ikamalizwa kwa Marekani kukubali kuilipa Brazil dola milioni 300. Zile nne hazikuwa wadai katika kesi hiyo. Kesi kama ile inahitaji mawakili, miaka mingi, na uwezo wa kutishia kulipiza kisasi ambao mwenzako atauhisi. Brazil ilikuwa nao. Mali itamtishia nani?

*

Februari 2023 fedha za ufadhili zilikuwa hazitoshi kodi ya chumba. Viza ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, na rafiki mmoja wa Zimbabwe akanielekeza ghala karibu na Dewsbury, mji mdogo kusini mwa Leeds. Sikuuliza ni ghala la nini. Nilipoingia tu niliijua harufu.

Kulikuwa na mlima wa mifuko ya plastiki unaofika karibu na paa. Mifuko inafunguliwa, nguo zinamwagwa kwenye mkanda unaotembea, na sisi tumesimama pande mbili, wanawake wa Poland, Hungary, Pakistan, na sasa mmoja wa Tabata. Kila mtu ana makundi yake. Zenye jina na za mtindo wa zamani uliorudi zinaenda London. Nzuri za kawaida zinaenda Ulaya Mashariki. Nyepesi, za rangi, za pamba, zinaingia kundi la nchi za joto, na nchi za joto maana yake ni sisi. Matambara yanaenda viwandani kufutia mashine. Mwisho wa ghala kuna mashine ya kukandamiza inayotoa belo la kilo 45, limefungwa mikanda ya plastiki, limebana kama jiwe. Nilisimama mbele yake nikaliangalia belo linazaliwa. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona yanavyofunguliwa.

Nilikuwa nalipwa kima cha chini, paundi 9.50 kwa saa, na kuanzia Aprili ikawa 10.42. Kwa bei ya wakati ule ni kama shilingi elfu thelathini. Kijana anayemshushia mama belo kutoka kwenye gari na kulibeba mgongoni mpaka kizimbani hulipwa elfu tatu. Kwa hiyo saa yangu moja ya kutenganisha soksi, kwenye ghala lenye hita na chumba cha chai, ilikuwa sawa na mabelo kumi mgongoni kwake. Ni mzigo uleule. Sina elimu yoyote ya ziada ya kuchambua soksi.

Mama alifurahi kupita kiasi. Hatimaye nilikuwa na kazi anayoielewa. Alianza kunipigia kila Jumapili usiku na maagizo ya kitaalamu. Mwambie bosi wako asichanganye masweta na blauzi. Mwambie makoti mazito yanakwama Dar, yasubiri watu wa Makete na Njombe waje kuyafuata. Mwambie wamama wa kwetu wana nyonga, hizo suruali za kubana anamletea nani? Nilikuwa namwahidi kwamba nitasema. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, lakini hakuwa mtu ambaye unamwendea na ujumbe kutoka kwa mama yako.

Kitu kimoja kuhusu eneo lile sijaacha kukifikiria. Jirani na Dewsbury kuna mji wa Batley, na huko mwaka 1813 mtu anayeitwa Benjamin Law alivumbua namna ya kuchana matambara ya sufu na kuyasokota upya yawe kitambaa. Kitambaa hicho kiliitwa shoddy. Leo kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni kitu hafifu, ila kwa karibu karne nzima lilikuwa jina la utajiri wa mji. Matambara yaliletwa hapo kutoka nchi nyingi za Ulaya, yakafumwa kuwa mablanketi na sare za wanajeshi, yakauzwa duniani. Yaani walikuwa wanaagiza mitumba. Walikuwa na mashine, makaa ya mawe, na hakukuwa na mtu wa kuwaandikia barua.

Utawala wa kazi yetu ulikuwa kilo. Kila mchambuaji alikuwa na kilo zake za zamu, zinaandikwa ubaoni. Mwanamke wa Poland aliyenifundisha kazi, aliyekuwa hapo miaka kumi na minne na ambaye alinigawia chakula chake mara nyingi, alinipa siri ya kufikia kilo. Usifikirie. Nguo ikikutia shaka, doa litatoka au halitoki, imechanika kwenye mshono au kitambaa, usiigeuze mara mbili. Tupia kundi la nchi za joto.

Nilifuata. Nilikuwa mzuri. Aprili yote nilifikia kilo.

*

Mei, siku ya Jumanne, mama alituma picha kumi na moja bila maneno. Nilizifungua nikiwa maktaba. Sweta lililoganda kama gunia. Shati lenye rangi ya ukutani mgongoni. Sidiria zisizo na kulabu. Kiatu kimoja. Suruali ya mtu wa kazi yenye jina la kampuni kifuani, imepasuka gotini. Fulana nyeupe zenye kwapa za njano, nyingi, zimepangwa juu ya turubai kama samaki.

Alilinunua belo lile kwa shilingi 480,000. Belo hununuliwa limefungwa. Ukishalipa na kukata mikanda, bahati ni yako na hasara ni yako, hakuna wa kumrudishia. Baadaye aliniambia alihesabu vipande 170 na vya kuuzika havikufika 50, vilivyobaki vijana wa mnada walivichukua kwa jero jero na vingine wakavikataa.

Sitaki kudanganya kwamba belo lile lilitoka kwetu. Mabelo hupita Pakistan, hupita Dubai, hufunguliwa na kufungwa tena, na lebo yake ilikuwa haisomeki. Lakini vitu vile nilivijua. Wiki ileile nilikuwa nimeshika fulana za namna ile na kwapa za namna ile. Nilikuwa nimezitilia shaka kwa nusu sekunde, nikazitupa kule, mkono ukarudi kwenye mkanda. Kila shaka yangu ilikuwa imekandamizwa, imepimwa, imelipiwa, na imesafiri kwa meli mpaka kwa mwanamke aliyekopa ili ainunue.

Nilimpigia. Nilimwambia kila kitu, kilo, ubao, ile siri. Alinyamaza, nikasikia daladala ikipiga honi upande wake.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. Sikujua kama anatania.

Wiki mbili zilizofuata nilikuwa mchambuzi mwadilifu. Kila chenye doa nilikitupia matambara. Kila kilichonitia shaka nilikigeuza, nikakinusa, nikajiuliza kama mama angekilipia. Kilo zangu zikashuka. Matambara yana bei ndogo kuliko belo la Afrika, na mengine ghala hulipia kuyateketeza, kwa hiyo kizimba cha matambara kinapojaa haraka mtu huonekana. Msimamizi aliniita pembeni, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kuhusu picha. Nilimwonyesha. Aliziangalia zote kumi na moja, kwa heshima kabisa, akasema ni mbaya kweli, akasema lakini wanunuzi wanajua wanachonunua. Kisha jina langu halikuwa kwenye ratiba ya wiki iliyofuata, wala ya baada yake.

Nilidhani mama atajivunia. Nilimsimulia kama mtoto anayeleta ripoti ya shule.

"Sasa kodi ya chumba utalipa na nini?"

Nikasema nitatafuta kingine.

"Rudi. Omba radhi, rudi. Ukiondoka wewe ataingia mwingine ambaye hana mama Karume." Akafikiri kidogo. "Ila zile zenye kwapa, angalau moja moja, zipotezee."

Nilirudi. Nilifanya kazi pale mpaka Agosti, nikifikia kilo kwa shida, nikipoteza kwapa chache kila zamu. Tasnifu yangu ilikuwa juu ya uamuzi wa Arusha wa 2016. Msimamizi wangu wa chuo aliandika pembeni mwa rasimu kwamba haelewi kama naunga mkono katazo au napinga. Niliandika sura nzima kujaribu kumjibu. Nilichoweza kusema kwa uhakika ni kwamba nchi yenye viwanda vinavyonguruma ingeweza kufunga bandari yake kwa mitumba na watu wakavaa. Nchi isiyo navyo ingewavua watu nguo kwanza. Na kwamba haki ya kukosea jambo hilo sisi wenyewe, kama ilivyokosea au kupatia Rwanda, ilikuwa na bei ambayo wenzetu hawajawahi kutozwa. Alinipa alama nzuri. Akasema sura ile ina hisia nyingi.

*

Zile paundi kumi na tisa zilikaa kwenye soksi droo ya chini mpaka Julai. Kumbe benki bado zinazipokea kama una akaunti kwao. Huwezi kununulia mkate, lakini unaweza kuziweka. Nilizipeleka. Kijana wa dirishani alizipima kwenye mzani mdogo badala ya kuzihesabu, akaniandikia 19. Jioni nikaongeza moja yangu nikamtumia mama kwa simu. Kutuma pesa kuja Afrika kusini mwa Sahara ndiko ghali kuliko kanda nyingine zote duniani, Benki ya Dunia imekuwa ikilionyesha hilo mwaka hadi mwaka, na kadiri kiasi kinavyokuwa kidogo ndivyo ada inavyouma. Kilichomfikia hakikutimia hata zile kumi na tisa zake. Alinunua mikanda ya plastiki, kilo ya nyama, na vocha.

Siku chache baadaye simu iliita saa kumi na moja na nusu alfajiri kwao. Kwangu ilikuwa usiku wa manane umepita, nilikuwa macho na tasnifu.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu. Nafungua belo. Usikate, nisikilizie."

Aliiweka simu juu ya meza. Nilisikia kisu kikikata mikanda, mmoja, wa pili, na ule mwisho ambao ukikatika belo linavuta pumzi. Halafu mikono yake. Alikuwa anataja kila kitu kinachotoka, kama anavyofanya siku zote, nusu kwangu na nusu kwake mwenyewe. Blauzi. Blauzi. Sketi, hii nzuri. Koti. Koti. Ee Mungu, koti jingine. Gauni la mtoto, jipya kabisa, lina lebo. Suruali. Ngoja.

Kimya kidogo.

"Kuna sarafu humu mfukoni. Ni kama ile yao, lakini hii ina pembe."

"Pembe ngapi?"

Nikasikia anahesabu kwa sauti ya chini. "Kumi na mbili."

"Hiyo ni nzima, mama. Hiyo inatumika."

"Mpaka lini?" aliuliza, na kabla sijajibu mteja wa kwanza alikuwa ameshafika, nikamsikia akimkaribisha na kumtajia bei ya gauni la mtoto.